Mshika Fimbo Hajaitwa

Jumatatu, 3 Machi

Mawingu mazito, mvua bado. Mjukuu wangu amehamia leo na begi moja la nguo na mawili ya vitabu. Nimempa chumba cha nyuma, kilichokuwa cha mjomba wake. Kwa miaka mingi nimekifanya stoo. Nilimwambia achague kati ya hicho na kochi la sebuleni, akachagua hicho kwa sababu kina dirisha.

"Bibi, mbona chumba kinanuka udongo?"

"Nyumba ya mpima ardhi ulitaka inuke marashi?"

Nilipokuwa kazini, kila siku niliandika kwanza hali ya hewa, kisha kazi iliyofanyika. Nimestaafu, lakini mkono umekataa kustaafu. Nitaandika muhula huu wote, ili binti yangu akipiga simu kuuliza kama mwanawe anakula na kusoma, nisibabaike.

Jumanne, 4 Machi

Manyunyu. Amekula, tena mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Jioni kijana amerudi na viatu mkononi.

Somo lake kuu ni kemia. Hisabati ameichukua kuwa somo la pili, nami nikamwuliza kwa nini ajitwishe mizigo miwili wakati wenzake wanalalamikia mmoja.

"Kemia ndiyo mke mkubwa, Bibi. Hisabati mke mdogo. Huyu mdogo ndiye ninayempenda, ila mkubwa ndiye atakayenilisha."

"Na mimi je, mume wangu?"

"Wewe ni mke wa ujana."

"Basi mke wa ujana anasema vyombo vinakusubiri."

Ameosha huku akinisimulia. Wanaosoma hisabati kama somo kuu wana jengo lao jipya. Hawa wa somo la pili hukusanyika Alhamisi alasiri tu, katika chumba cha zamani kule chini kinachotazama mto. Mmoja ametoka muziki, mwingine uuguzi, wengine jiografia na kilimo. Somo likiisha, kila mmoja hurudi kwa watu wake. Hawajuani majina. Mhadhiri wao wamembandika jina la Chaki, maana koti lake jeusi halijawahi kuonekana jeusi.

Chumba hicho nakijua. Mjomba wake alisomea humo humo. Sikumwambia.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana. Nimeweka sufuria.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua tangu adhuhuri.

"Nimepata jirani," amesema leo akivua soksi.

"Nyumba ipi? Ile ya pembeni haina mtu."

"Jirani wa darasani, Bibi. Anakaa dirishani, mimi ninakaa kiti kinachofuata. Nimesahau kumwuliza jina, sasa naona haya. Ananiita Jirani, namwita Jirani, mambo yanakwenda."

Nimefurahi. Kijana aliyekulia mbali anahitaji mtu wa kukaa naye. Nimemwuliza huyo Jirani anasoma nini hasa.

"Jiografia nadhani. Au muziki. Ana vidole virefu. Hana maneno mengi, lakini nikikwama ananielekeza."

Jumatano, 19 Machi

Jua la saa chache. Nimeanika magodoro.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua kubwa, mto umeanza kusikika kutoka barabarani.

Leo kijana amerudi amenuna. Kazi yake imerudishwa ikiwa na wino mwekundu toka juu hadi chini. Aliitupa mezani, nami nikavaa miwani. Niliisoma hadi mwisho, nikarudi juu nikaisoma tena.

Lazima nieleze, ingawa anayesoma hapa ni mimi mwenyewe. Mpima ardhi anapopima kiwanja huanzia kigingi cha kwanza, anakwenda cha pili, cha tatu, hadi anazunguka na kurudi alikoanzia. Kazi ikiwa safi, hesabu nazo hurudi palepale. Hapo tunasema mzunguko umefunga. Lakini kamba hulegea, jua hutetemesha macho, na mara nyingi hesabu hukufikisha kando kidogo ya kigingi cha kwanza, kama upana wa kiganja. Kosa likiwa dogo kiasi hicho hatupimi upya. Tunaligawa. Kila upande wa kiwanja unabebeshwa sehemu yake ndogo, mpaka mzunguko ufunge na jicho lisione chochote. Huo si udanganyifu, ndiyo kazi yenyewe. Likiwa kubwa, hakuna kugawa. Unarudi kigingi cha kwanza na kuanza upya.

Sasa mjukuu wangu alikuwa na uthibitisho wa mistari mingi, na jibu lake mwishoni lilikataa kulingana na lile lililotakiwa. Alichofanya ni kuichukua ile tofauti na kuigawa, punje huku, punje kule, mstari baada ya mstari, mpaka mwisho ukalingana. Kwa mwanafunzi wa hisabati huo ni wazimu. Uthibitisho si kiwanja. Chaki alikuwa ameandika chini: *Kosa halienezwi. Kosa lina mahali pake. Litafute.*

Nimepata kumjua mtu mmoja tu aliyefanya hisabati hivyo. Alijifunza kugawa makosa akiwa mdogo, amekaa pembeni yangu huku nikifanya hesabu za kiwanja, kisha akaingia na mbinu hiyo chuoni.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Jirani. Anasema kwao ndivyo wanavyofanya."

Kijana huyu hajawahi kuniona na vifaa vyangu. Thiodolaiti, kile kifaa chenye lenzi cha kupimia pembe, imo kwenye kasha lake, juu ya kabati, tangu kabla hajazaliwa. Hata mama yake alichukia kazi ile, na aliolewa mbali nayo.

Nimejiambia kwamba wapima ardhi ni wengi, na wana watoto.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Usiku sikulala vizuri.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua asubuhi, alasiri jua kali.

Baada ya somo kijana amekuja na wenzake wawili, binti wa uuguzi na kijana wa muziki, wajisomee hapa. Nimewapikia. Mwanamuziki ni mcheshi, amemaliza chakula cha watu wawili akisema anapima tu ujazo wa sufuria.

Nikawauliza juu ya Jirani kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Yule wa muziki?" alisema binti.

Mwanamuziki akacheka. "Muziki gani? Idara yetu nzima inaenea kwenye gari moja, ningemjua. Mimi nilidhani ni mwenzako, wa uuguzi."

"Kwetu uuguzi hayupo. Labda kilimo."

"Wa kilimo ni yule mfupi, naye aliniuliza mimi kama Jirani ni wa kemia."

Wakamtazama mjukuu wangu, naye akawatazama. Kisha wakacheka wote, maana wakiwa wengi na mchana upo, jambo kama hilo linachekesha. Nami nilitabasamu. Darasa la somo la pili ni la wageni watupu. Kila mmoja anadhani mwenzake ana mahali pake kwingine, kwa hiyo hakuna anayeuliza.

"Ila asipoangalia atapata homa ya mapafu," alisema binti. "Nguo zake hazikauki. Leo jua lote hili, bado shati linamchuruzika."

"Paa linavuja pale dirishani," alisema mwanamuziki.

"Mvua ilikatika asubuhi," alisema binti, akarudi kwenye kitabu chake.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Nitaandika nisilopenda kuandika, ili nilione likiwa limenyooka.

Mwanangu wa kiume alisoma jiografia, na hisabati kama somo la pili. Wakati wa likizo alikuwa mshika fimbo wangu. Mshika fimbo ni mtu anayesimama kwenye kigingi na ile fimbo ndefu ya rangi nyekundu na nyeupe, wima kabisa, ili aliye kwenye thiodolaiti ng'ambo ya pili amlenge. Umbali ni mkubwa, sauti haifiki, tunazungumza kwa mikono. Na kazi hii ina sharti moja: mshika fimbo haondoki mahali pake mpaka aitwe. Inyeshe, wamuume siafu, atasimama. Anayelenga akimaliza, hunyanyua mikono yote miwili na kuishusha taratibu. Mshika fimbo hujibu kwa kuinua mmoja, kiganja wazi, kisha hurudi. Watu waliokuwa wakiondoka kabla ya kuitwa sikuwaajiri tena. Mwanangu hakuwahi kuondoka.

Ardhi ya chuo niliipima mimi. Kigingi cha kwanza, jiwe lenye msumari wa shaba katikati, kiko ng'ambo ya mto, mkabala na kile chumba cha zamani. Ndipo alipoanzia kazi, fimbo ikiwa ndefu kumliko.

Siku ya mtihani wake wa hisabati ilikuwa majira kama haya. Aliinuka kabla ya muda kwisha, karatasi ikiwa nusu. Msimamizi alimwuliza kulikoni. Alisema haifungi, ngoja akaanzie kigingi cha kwanza. Msimamizi alidhani anasema mambo ya karatasi yake. Alipita nyumbani akachukua fimbo. Mlinzi alimwona akishuka mtoni, wala hakuelekea darajani. Mimi nilikuwa kazini wilaya nyingine.

Hatukumpata. Fimbo pia hatukuipata. Mama yake kijana, yaani dada mtu, aliomba tusilizungumze, na hatujalizungumza.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua ya mawe.

Asubuhi niliamka nimeamua kwenda darasani nimwone huyo Jirani kwa macho yangu. Sikumwambia mtu, kijana alikuwa ameshatoka. Chaki amenipokea vizuri, kumbe nilimpimia baba yake kiwanja. Akaniketisha nyuma.

Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Mjukuu wangu alikaa kinachofuata, begi lake chini, ingawa kile cha dirishani kingetosha kulibeba. Alama ya maji ilikuwa sakafuni chini ya kile kiti. Nilitazama juu. Dari ilikuwa kavu, imepakwa rangi upya.

Somo lilipoisha nilimwuliza rafiki yake yuko wapi.

"Aliniambia wiki iliyopita hatakuja leo. Alisema darasani kutakuwa na mgeni."

Wiki iliyopita mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Amekula kidogo. Anashinda na mafumbo ya Jirani, kemia haigusi.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua tangu juzi haijapumua. Daraja lipo, lakini maji yako karibu na mbao.

Leo wakati wa chai mjukuu wangu amesema, akipaka siagi, kama mtu anayezungumzia ratiba: "Jirani ananipa mbinu za mtihani. Kosa dogo, ligawe. Kosa kubwa, rudi kigingi cha kwanza."

Niliweka kikombe mezani.

"Kigingi kipi, Mkemia?"

"Ni msemo wake tu, Bibi."

"Umemwuliza kiko wapi?"

"Anasema kinaonekana toka dirishani. Siku ya mtihani nikikwama atanionyesha, tutakwenda wote."

Nimemwomba aliache somo la pili. Muda wa kuacha haujapita, na kemia peke yake inampa shahada kamili. Nilizungumza polepole, nikamwambia mjomba wake alisomea pale, na kwamba hakurudi. Alisikiliza kwa adabu. Nilimwona akinihurumia.

"Pole, Bibi. Kumbe ndiyo maana hulali." Kisha: "Lakini siwezi kuacha kitu ninachokipenda kwa sababu ya mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Ningeacha, ungeniheshimu?"

Nimempigia mama yake, nikamweleza habari za Jirani. "Mama, mtoto anasoma, halafu wewe unamtia hofu?" Kisha nikasikia televisheni yao tu. "Huyo mwenzake amelowa?" aliuliza. Nilisema ndiyo. Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua. Sikukuu, hakuna somo. Hata hivyo alikwenda. "Jirani atakuwepo," alisema. Aliporudi alisema Jirani alikuwepo kweli.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua, ukungu mtoni.

Nimekuwa nikimwona mwanangu kama adui, nami naandika hivi kwa mkono wangu. Kwa wiki kadhaa nimewaza jinsi ya kumfukuza. Nimewaza kufunga mlango siku ya mtihani, nimewaza kumficha kijana viatu, mambo ya mtu aliyechoka. Leo mjukuu wangu amenipa neno moja lililobadilisha yote.

Alikuwa akimsifu. "Jirani hana mchezo. Mimi nikifika wa kwanza namkuta, nikitoka wa mwisho namwacha. Leo nimemwuliza, wewe huendi kwenu? Akasema hajaitwa."

"Alisemaje, sawasawa?"

"'Sijaitwa bado.' Basi. Akageuka dirishani."

Nilikwenda kukaa chumbani kwangu nikafunga mlango.

Alikwenda kwenye kigingi cha kwanza na fimbo yake, akasimama kama nilivyomfunza, wima. Na upande wa pili wa mto, pale panaposimamishwa thiodolaiti, hapakuwa na mtu. Nani angemnyanyulia mikono? Mshika fimbo haondoki mpaka aitwe. Amesimama muda wote huu. Wala hamtafuti mjukuu wangu kwa ubaya. Kijana amefanya kosa, na yeye anamwonyesha njia pekee anayoijua, ile inayopita mtoni.

Nimeshusha kasha. Nimefuta lenzi kwa kitambaa cha miwani.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Mtihani ni kesho saa nane mchana. Nimemwambia kijana jambo moja tu: "Ukikwama, kumbuka neno la Chaki. Kosa lina mahali pake. Litafute ukiwa umekaa."

"Nikiwa nimekaa?"

"Umekaa. Hilo ndilo ombi la mke wa ujana."

Amecheka, lakini ameahidi.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua kubwa kuliko zote za msimu huu.

Mwanamuziki alinibebea kasha hadi chini ya kile chumba, upande wetu wa mto, kabla ya kuingia kwenye mtihani. Akaniuliza kama nimerudi kazini. Nikamwambia imebaki kazi moja sikuifunga. Aliniachia mwavuli wake, na hakuuliza zaidi. Kijana mwema.

Nilifungua miguu mitatu ya kifaa, nikaikita kwenye tope. Mikono ilikumbuka kila skrubu. Mto ulikuwa mpana, wa rangi ya matofali, ukipitisha matawi. Nyuma yangu, juu, lilikuwapo lile dirisha. Nilisikia kengele ya mtihani, kisha mvua tu.

Nililenga ng'ambo. Jiwe halikuonekana, majani yamekuwa marefu na lenzi ilikuwa na ukungu. Nilifuta, nikalenga tena. Kulikuwa na kitu chembamba, wima, nyekundu na nyeupe kwa zamu. Huenda ni shina la mti lililobanduka magome. Mimi ni mtu wa vipimo, sitaandika kuwa niliona nisichokipima. Naandika tu kuwa kilikuwa wima kabisa, katika upepo ule.

Nilisoma pembe kama inavyotakiwa, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Sikutaka kumwita kabla kazi haijaisha. Asingekubali, angejua. Kisha nikatoka chini ya mwavuli, nikanyanyua mikono yote miwili juu kabisa, nikaishusha taratibu. Mabega yangu ni ya kizee. Nikarudia, asije akasema hakuona.

Nilipoinamia lenzi tena, ng'ambo kulikuwa na majani tu.

Nilibaki pale mpaka kengele ya pili, mgongo kwa mto, nikitazama mlango wa kile chumba. Walitoka mmoja mmoja, binti wa uuguzi, yule mfupi wa kilimo, mwanamuziki. Kisha mlango ukawa hauna mtu. Chaki akatoka na karatasi kwapani, akasimama kando. Nyuma yake alikuwa mjukuu wangu.

Tulipofika jikoni nilimfunika kwa taulo, na mimi akanifunika kwa jingine.

"Nilikwama swali la tatu," alisema. "Halikufunga. Jirani akaniambia twende. Alishasimama, Bibi, na mimi nilikuwa nimeanza kusimama. Nilikuahidi, najua, lakini miguu ilikuwa inakwenda. Nilikuwa naona njia hadi majini."

"Kisha?"

"Akatazama dirishani. Akatega sikio kama mtu anayesikia jina lake. Akasema, 'Naitwa.' Uso wake, sijui nikuelezeje. Kama mtu aliyetuliwa mzigo. Halafu akafanya hivi."

Mjukuu wangu aliweka kikombe mezani, akainua mkono mmoja, kiganja wazi, bega limenyooka, mkono ukiwa wima kama unaolengwa kutoka mbali. Hajawahi kuonyeshwa na mtu. Kiwiko hakikupinda. Kila kijana niliyemfunza alipinda kiwiko, isipokuwa mmoja.

"Akatoka," alisema. "Hata hakuniaga. Ilimaanisha nini?"

"Kwamba ameona."

"Ameona nini?"

Nilimweleza yote, kuanzia kigingi cha kwanza. Maji ya chai yalichemka yakakauka, tukainjika mengine.

"Na swali la tatu?" nilimwuliza mwishoni.

"Nilikaa nikalitafuta. Kosa lilikuwa mstari wa pili, Bibi. Alama moja tu."

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imekatika. Binti yangu amefika kwa basi la asubuhi bila kutoa taarifa. Tumekwenda sote watatu ng'ambo, kwa daraja, tukafyeka majani kuzunguka jiwe. Msumari wa shaba ulikuwa unang'aa, kama unaoshikwashikwa kila siku. Dada mtu amelia hapo kwa mara ya kwanza, nasi tumemwacha alie.

Thiodolaiti iko uani, inakauka.